Kupiga Picha za Ndege Wanaoruka Ukiwa Umelala Mchangani: Mlango wa Mto Sabaki, Malindi

Watazamaji wapendwa, karibuni. Tuko kwenye mlango wa Mto Sabaki, kaskazini ya mji wa Malindi, ambapo maji mekundu yaliyobeba udongo wa bara hukutana na bahari na kuacha tope linalowalisha heroe, shakwe, buabua na ndege wengi wa pwani. Leo tutawapiga picha wakiruka, kamera ikiwa karibu kugusa mchanga. Ukimpiga ndege ukiwa umesimama, nyuma yake huonekana tope tupu. Ukilala kifudifudi, macho yenu hulingana, mandhari ya nyuma hufifia kwa umbali, na anapoinuka huonekana upande wa chini wa mabawa yake, ukiangazwa na mwanga unaorudishwa na mchanga uliolowa.

Kwanza, tazameni jedwali la maji kupwa na kujaa. Maji yakikupwa ndege hutawanyika mbali, kwa hiyo fikeni yapata muda wa saa mbili kabla hayajajaa, chagueni fungu la mchanga lenye njia ya kurudi nchi kavu, kisha mtulie ili bahari yenyewe iwasogeze ndege kwenu. Mtoni humu mna viboko. Msilale kabla ya kuwauliza wenyeji walikoonekana.

Jambo la pili ndilo linaloamua mengine yote, nalo ni upepo. Ndege wazito huondoka wakiukabili upepo: heroe hukimbia hatua kadhaa juu ya maji, shingo ameinyoosha mbele, ndipo miguu iachane na maji. Basi laleni upande unakotoka upepo, uwapige mgongoni, nao watainuka wakija kwenu. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kazi hii ni nyepesi, kwa sababu asubuhi upepo na jua vyote hutoka upande wa bahari. Wakati wa kusi, laleni kusini mwa kundi na mkubali mwanga wa ubavuni, ambao kwa maoni yangu huyachora manyoya vizuri zaidi. Asubuhi ambazo umande, yaani upepo wa nchi kavu, bado unavuma kutoka bara, ndege watawapa mgongo. Ni heri kungoja upepo wa bahari ushike kuliko kuijaza kadi picha za mikia.

Sasa tandikeni turubai, mtambae polepole na kusimama kila ndege wanapoinua vichwa. Wekeni lenzi, ya milimita 300 au 400, juu ya mfuko mdogo uliojazwa mchanga, lakini viwiko viwe huru, kwani ndege akishapaa mtaiinua kamera na kumfuata.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, iwe 1/2000 ya sekunde kwa buabua, ambao hugeuka ghafla. Kwa heroe 1/1000 inatosha. Uwazi wa lenzi uwe f/5.6 hadi f/8, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ijipange yenyewe, na kamera iwe katika hali ya kufuatilia kitu kinachosogea na kupiga mfululizo. Anga jeupe humgeuza ndege kuwa kivuli cheusi, kwa hiyo ongezeni mwanga wa picha kwenye kamera kwa hatua moja hivi. Yangeyange akipita mbele ya mikoko yenye giza, punguzeni.

Mwoneni heroe huyu: ameacha kula, ameinua shingo, ameanza kutembea kuukabili upepo. Anzeni kupiga sasa, kabla hajakimbia, na mmwachie nafasi mbele yake ndani ya fremu. Msiwashtue kamwe ili waruke. Wengi wa ndege wadogo mnaowaona hapa wanajilimbikizia mafuta ya safari ya kurudi Ulaya na Asia, na kila kurushwa bure huwapunguzia akiba hiyo.

Mchanga ukianza kupata moto, kwenye saa tatu au saa nne, hewa iliyo karibu na ardhi hutetemeka na picha za chini hupoteza ukali hata kama lenzi ni bora. Hapo fungeni kazi. Msibadilishe lenzi ufukoni. Mkifika nyumbani, ondoeni mchanga kwa brashi laini kwanza, ndipo mfute chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo na chumvi.