Mbona nasimama kwenye mistari ya njano London?

Haya jamani, hamjambo Kampala, hamjambo Arua. Swali ni lile lile tangu niweke video ya kushusha makochi: "Mbona vani yako imesimama kwenye mistari miwili ya njano na hukamatwi?" Mwingine akaongeza kwamba tukishafika Uingereza tunaanza kuringa. Ndugu yangu, siringi. Faini nazilipa, na karatasi ninazo.

Mistari miwili ya njano inakataza kuegesha saa zote. Kushusha mzigo ni habari nyingine, mara nyingi unaruhusiwa. Kwa hiyo usitazame lami tu, tazama na jiwe la ukingoni. Ngoja nisogeze simu. Mnaona vijistari viwili vya njano juu ya jiwe? Hapo hushushi hata kigoda, mchana wala usiku. Kikiwa kimoja, tafuta kibao, kina saa zake. Mistari miwili myekundu usiiguse kabisa, labda pawe na kisanduku kilichochorwa na kibao chake. Kule Kikuubo, mtaa wa biashara Kampala, Fuso ikiziba njia mnaelewana, mnapishana. Hapa huna wa kuelewana naye.

Sasa kilichoniuma. Nilisimama kwenye kisanduku halali cha kushushia mizigo, kibao kinasema dakika 40. Friji, ghorofa ya nne, lifti mbovu. Tuko wawili, tunaitua kila kona ya ngazi. Kurudi, karatasi ya faini kiooni: mkaguzi wa maegesho hakuona mzigo ukishushwa. Angeuonaje na uko ngazini? Paundi 160, ukilipa ndani ya siku 14, 80. Hiyo 80 tu ni zaidi ya laki tatu na nusu za kwetu, na nilishamwahidi dada karo ya mwanawe. Nikaandika kupinga, wakakataa. Kwenda kwa mwamuzi huru hakuna ada, ila nikishindwa nalipa 160 nzima.

Silalamikii maisha ya huku, kazi ninayo, alhamdulillahi. Wala simwambii mtu apinge au alipe, mfuko wako unaujua wewe. Mimi nimekwenda kwa mwamuzi. Nimepeleka risiti ya mzigo, mteja ametia sahihi na saa: nne na dakika 40. Karatasi ya mkaguzi imeandikwa nne na dakika 31. Dakika hiyo friji ilikuwa mgongoni mwangu.