Mvinyo wa Mlimani kwenye Joto la Malindi

Hamjambo, wenzangu. Naona wengine bado mna usingizi wa zamu ya jana, basi nitakwenda mbio.

Someni jina kwenye chupa hii: Monte Bello. Weita wa Malindi hahitaji mkalimani hapo, Kiitaliano tumekiokota njiani. Mlima mzuri. Lakini mvinyo huu haukutoka Italia, umetoka milima ya Santa Cruz huko California. Mizabibu ya kwanza ilipandwa mwaka 1886 na daktari Mwitaliano wa San Francisco, Osea Perrone. Leo shamba ni la kampuni ya Ridge. Mgeni wa Milano ukimsimulia hayo, chupa ishauzika nusu.

Shamba liko mita 400 hadi 800 hivi juu ya bahari. Kila ukipanda mita 100, joto hushuka zaidi ya nusu nyuzi. Kwa hiyo zabibu, nyingi zikiwa Cabernet Sauvignon, huiva taratibu, na baridi ya usiku huzilindia ule ukali unaochangamsha mate. Ukakasi wenyewe hutoka kwenye maganda na kokwa.

Sasa lile swali la kila siku: "È biologico?" Yaani, ni wa kilimo hai? Tafadhali, usijibu kwamba hakuna dawa. Kilimo hai kinakataza dawa za magugu za viwandani na mbolea za chumvichumvi, lakini mrututu na unga wa kiberiti vinaruhusiwa kupambana na ukungu wa majani. Na shaba iliyomo kwenye mrututu haiozi, hujilimbikiza udongoni. Ulaya wameiwekea kikomo: kilo 28 kwa hekta katika miaka 7. Marekani nao, mtengenezaji akiongeza salfaiti, yaani kihifadhi chenye kiberiti, hata kidogo, haruhusiwi kuuita mvinyo wenyewe wa kilimo hai. Ataandika tu kwamba zabibu zake ni za kilimo hai. Mgeni anayejua mambo atakubana hapo, na ukibabaika hakuamini tena hata ukimwambia samaki ni wa leo.

Salfaiti ya nini? Fikirini mangwe. Mgema hatii hamira, tembo hujichachia lenyewe. Ridge nao huacha chachu ya asili ifanye kazi. Lakini mnazi wa asubuhi ni mtamu, wa jioni mkali, ukilala sana ni siki ya kachumbari. Salfaiti kidogo ndiyo inayozuia mvinyo usifuate njia hiyo, ukakaa chupani miaka 20 na zaidi.

Kinachonipendeza zaidi kwa watu hawa ni karatasi ya nyuma ya chupa. Tangu mavuno ya 2011 wanaorodhesha kila walichotia. Kwenye baadhi ya mvinyo wao wa Zinfandel, aina nyingine ya zabibu, utakuta hata maji yameandikwa, na asilimia yake. Sisi tumezoea kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu kasifiwa, katia, na kaandika!

Mimi sinywi, wengi mnajua. Kazi hii nimeifanya kwa pua na kipimajoto, kwa hiyo asiyekunywa hapa asijione mgeni. Kosa langu kubwa halikutokana na ulimi. Katika hoteli moja niliyoanzia kazi, tulipanga makasha ya mvinyo kwenye stoo iliyogusana na ukuta wa jiko. Siku moja nashika chupa, kizibo kimejitokeza kama ulimi wa mtoto mtundu, na shingo inanata. Nikaipangusa nikaipeleka mezani. Mzee akanusa, akaniangalia kwa huruma, akasema neno moja: "Marmellata." Jemu. Baridi yote ya mlimani tulikuwa tumeipika.

Tena kuna hili la "mvinyo mwekundu uwe na joto la chumba." Chumba kipi? Waliosema hivyo walikuwa na nyumba za mawe za Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chumba chetu hapa Machi ni nyuzi 30, pombe inakurukia puani kabla ya zabibu. Tia chupa kwenye ndoo ya barafu dakika 15 au 20, mgeni akikunja uso mwombe aonje kwanza.

Haya, tujaribu. Nani ameleta ndoo hii? Barafu tupu hugusa chupa huku na kule tu. Ongeza maji, bwana, yafike shingoni.