Punguzeni Noti: Kwa Walimu wa Kwaya wa Mwanza

Walimu wangu, mlishanisikia nikilililia jambo hili Kirumba, mkanisikia Nyegezi, na leo nalirudia: wapiga vinanda wetu wanaogopa kimya. Waimbaji wakivuta pumzi tu, vidole vimeshakimbilia kujaza nafasi. Kwa nini?

Nimewaletea kipande kimoja cha muziki wa piano na selo, yule ndugu mkubwa wa violini anayepigwa kwa uta. Arvo Pärt wa Estonia alikitunga mwaka 1978, kinaitwa Spiegel im Spiegel, yaani "Kioo ndani ya Kioo". Awali kilikuwa cha violini na piano, kisha selo nayo ikapata toleo lake. Sikilizeni piano: noti tatu tatu, moja baada ya nyingine, mwendo uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Selo inaanza na noti mbili. Kwa solfa yetu ni re, mi. Basi! Baadaye vifungu vinarefuka kwa noti moja moja, na kila sauti ikienda mbali inarudi palepale kwenye mi.

Najua mnachonong'ona: "Hiyo hata mtoto wa kipaimara anaipiga." Aje aipige! Noti ndefu ya selo iko kwenye mkono wa kulia, ulioshika uta. Uta ukikandamizwa kidogo unakwaruza. Ukilegea, sauti inakatika. Ukikimbizwa, umefika ncha na noti bado inadai. Kwenye noti za haraka makosa hayo yanapita. Hapa yanasikika hadi benchi la nyuma. Mpiga piano naye hana pa kujificha: uzi ukishagongwa, sauti inaanza kufifia papo hapo, wala hawezi kuirudishia nguvu. Kazi yake ni kugonga kila noti kwa uzito uleule mpaka mwisho. Ndiyo maana vyombo hivi vinafaana: kimoja kinafifia, mwenzake anashikilia.

Mwingine atasema hayo ni ya Ulaya. Haya, pandeni meli ya usiku mshuke Bukoba, mkasikilize enanga ya Wahaya. Mtu mmoja, uzi mmoja uliopitishwa mara kadhaa juu ya ubao uliochongwa, na habari ya shujaa inasimuliwa yote. Nani amewahi kumwambia aongeze noti?

Nilitaka tumsikie na mtunzi Mfaransa Fauré, pia ule wimbo wa batamaji wa mwenzake Saint-Saëns wa 1886, lakini muda wa ukumbi unaisha. Jumapili hii, kwenye wimbo wa katikati, ule wa kati ya masomo, mwambieni mpiga kinanda aondoe mkono wa kulia ubeti wa kwanza wote. Alhamisi mazoezini nitawauliza mlisikia nini.