Jengo la Chuma Limesimama Baada ya Tetemeko. Moto Je?

Habarini za huko nyumbani, karibuni tena kwenye chaneli. Leo tuongee chuma.

Watu wakiona jengo la chuma limebaki wima baada ya tetemeko, hushusha pumzi. Mapema mno! Mabomba ya gesi huenda yamepasuka, nyaya zimechunika, na hata bomba la maji ya kuzimia moto limekatika. Moto ukizuka hapo, jengo halina kinga liliyokuwa nayo jana.

Chuma hakisubiri kuyeyuka ndipo kianguke. Kikifika nyuzi 600 za Selsiasi hubaki na asilimia 47 hivi ya nguvu zake, na ukakamavu wa kutopinda hushuka hadi karibu asilimia 31. Tanuri la majaribio ya moto hupita nyuzi 800 ndani ya nusu saa. Ndiyo maana boriti hupuliziwa plasta ya kuzuia joto, au hufunikwa bodi za jipsamu.

Sasa tetemeko hupinda boriti zaidi pale karibu na nguzo. Chuma hunyumbuka, plasta hainyumbuki, basi hupasuka na kubanduka papo hapo penye mzigo mkubwa. Ukiwa chini huoni kitu. Dari imeficha.

Fungua dari, na uanzie kwenye ncha za boriti. Gonga plasta: ikilia kama debe tupu, imeachia. Jengo likiwa la zamani, pima sampuli kwanza kabla ya kukwangua, maana plasta nyingine zina asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu. Kisha kagua maungio yaliyochomelewa, hasa ya upande wa chini wa boriti. Baada ya tetemeko la Northridge, California, mwaka 1994, nyufa za aina hiyo zilikutwa ndani ya majengo yaliyoonekana mazima.

Shusha na timazi, uone kama nguzo imelala. Ghorofa yenye kimo cha mita 3.5 ikilala milimita 35, nguzo iliyobeba tani 200 inaongezewa nguvu ya kuikunja ya tani-mita 7 (tani 200 mara mita 0.035), moto haujawaka bado. Na kwa kuwa joto hula ukakamavu upesi kuliko nguvu, nguzo iliyolala ndiyo hutangulia kupinda.

Kutengeneza: uchomeleaji kwanza, plasta baadaye. Ondoa kutu na vumbi, funga wavu wa waya, rudisha unene uleule wa awali, na uupime kwa sindano ya kupimia kina, usikisie kwa macho. Kupaka rangi ya ukutani juu ya ufa kunapendeza tu; joto linapita.

Matundu ya mabomba yaliyochanika ukutani nayo yana mambo yake. Hayo yanataka video nyingine.