Maofisi Matupu ya Manhattan: Nani Kaumia?

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo upepo ni mkali, sauti ikikatika mnivumilie. Nipo Water Street, kusini kabisa mwa Manhattan, hapa New York, na jengo hilo nyuma yangu, ngoja nigeuze kamera, hilo hapo, ndilo namba 25.

Aliyenichokoza ni mjomba wangu wa Tanga, fundi bomba. Kasikia Wamarekani siku hizi wanafanyia kazi nyumbani, akaniuliza, "Sasa maghorofa yote hayo ya nini? Si wapangishe watu walale?"

Mjomba, wewe ndiye utakayenielewa kuliko wote. Ofisi vyoo vyake vyote viko katikati ya jengo, karibu na lifti. Fleti kila moja inataka choo chake, bafu lake, sinki lake. Maana yake utoboe zege ghorofa kwa ghorofa, upitishe maji safi na maji taka. Halafu kuna dirisha. Maofisi haya ni mapana mno, anayekaa katikati anawasha taa mchana kutwa. Kwa kazi ya mezani sawa, lakini chumba cha kulala kisicho na dirisha sheria ya mji huu haikiruhusu.

Hili la namba 25 lilijengwa 1969 kwa shughuli za benki, likawekewa vidirisha vyembamba vya kuchungulia tu. Unajua walifanyaje? Walitoboa mashimo mawili makubwa katikati yake, juu mpaka chini, mwanga uingie. Nafasi waliyopoteza wakaifidia kwa kuongeza ghorofa 10 juu ya zile 22. Leo lina fleti zaidi ya 1,300, watu wameanza kuhamia 2025. Robo ya hizo ni za pango nafuu, maana sheria ya jimbo ya 2024 inampunguzia mwenye jengo kodi ya majengo akikubali sharti hilo. Si kila jengo linakatika hivyo, na si kila mwenye jengo ana pesa za kulikata.

Tena utupu huu wa maofisi haukuja siku moja. Kampuni hapa hupanga ofisi kwa miaka 10, hata 15. Korona ilipowafukuza watu maofisini 2020, pango la viti vitupu liliendelea kulipwa. Kastle, wanaohesabu kadi zinazogusishwa milangoni, mwaka 2023 walikuta ofisi za miji mikubwa 10 zina kama nusu ya watu wa zamani. Mikataba ikiisha, kampuni inarudisha ghorofa mbili, tatu. Na tangu 2022 riba ilikuwa imepaa, kwa hiyo mwenye jengo akienda kuomba mkopo upya anakuta bei nyingine kabisa. Wengine wakaiachia benki funguo. WeWork, waliokodi maghorofa wakayapangisha vipande vipande, walikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi Novemba 2023.

Msidhani kila ofisi imekufa, lakini. Benki ya JPMorgan mwaka 2025 wamefungua jengo jipya la ghorofa 60 kule Park Avenue, na wafanyakazi wameitwa siku zote tano. Mapya yanagombewa. Yanayokosa watu ni ya zamani.

Sasa linalonikera. Magazeti ya hapa yanawalilia wenye majengo na mabenki. Mimi nchi hii nimeianza kwa kufagia ofisi usiku. Kila dawati lina watu wake ambao hamuwaoni: wa kumwaga takataka, mlinzi wa chini, muuza kahawa wa kigari pale nje. Mwenye dawati alibeba laptopu akaenda nayo sebuleni, mshahara uleule. Mimi choo cha ghorofa ya 14 ningekibeba vipi mpaka nyumbani kwangu Bronx? Tulipunguziwa masaa kwanza, kisha wenzangu wakaambiwa watapigiwa simu, na hawakupigiwa. Waliokuwa wanangoja ada ya shule huko nyumbani nao wakangoja.

Watu wa Posta, Dar, mnakumbuka wizara zilipohamia Dodoma, mama ntilie wakabaki na masufuria yao? Ila hapa mteja hajahama hata mji, yuko jikoni kwake anajichemshia. Hata waliorudi wanajaa Jumanne mpaka Alhamisi. Ijumaa muuza kahawa anafungasha mapema.

Na fleti hazirudishi kazi zile. Mpangaji anafagia kwake mwenyewe, msafishaji anabakiwa na korido, lobi na chumba cha takataka.

Kwa hiyo nyinyi mnaoniandikia "kaka, nitafutie usafi wa ofisi", nawajibu wote hapa. Anzeni na hospitali na viwanja vya ndege, huko hakuna anayefanyia kazi sebuleni. Ukibahatika jengo la ofisi lenye chama cha wafanyakazi, 32BJ, ingia na usitoke. Na kabla hujasaini, uliza mpangaji mkubwa wa jengo mkataba wake unaisha lini. Watakushangaa, wewe uliza tu.