Intaneti ya Nyumbani Inasuasua? Anza Hapa Kabla Hujanunua Bando Jingine

Karibuni tena. Leo nashughulika na ile hali ya ukurasa kuzunguka tu, na wewe una kazi ya kutuma. Nyumbani kwangu natumia hotspoti ya simu, na hii ndiyo nitakayowaonyesha.

Kwanza tazama juu ya kioo cha simu. Ukiona herufi E, uko kwenye 2G, mtandao wa zamani ulio polepole kuliko 3G na 4G, na hujaenda mbali na enzi za modemu ya simu ya mezani. Modemu zile mwisho wake ulikuwa kilobiti 56 kwa sekunde. Gawa kwa 8, unapata kilobaiti 7 tu. Picha moja ya megabaiti 3 ilikula zaidi ya dakika 7! Kwa hiyo kabla ya kugusa mpangilio wowote, isogeze simu.

Angalieni. Hapa mezani, katikati ya nyumba, bati juu na kuta nene pande zote: E. Naipeleka dirishani, upande wa mnara, naiegemeza kwenye kikombe. Subiri kidogo... haya, 3G. Simu ibaki hapo hapo. Kompyuta iache mezani, maana Wi-Fi ya hotspoti inafika mezani bila shida. Kama 4G yako inakuja na kukatika, ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, chagua 3G, ujaribu. 3G iliyotulia naipenda kuliko 4G ya kubahatisha.

Sasa tuwatafute wanaokunywa maji kabla yako. Hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Simu inapandisha picha za jana kwenye hifadhi ya mtandaoni, wewe unalalamika ukurasa haushuki. Vinahusiana: kila kipande cha data kinachokufikia, kifaa chako hurudisha jibu kwamba kimepokelewa. Njia ya kupanda ikijaa picha, jibu linachelewa, na kushuka nako kunakwama. Zima kuhifadhi picha kwenyewe. Fungua WhatsApp, mipangilio, hifadhi na data, kisha ondoa alama zote kwenye kupakua picha, sauti na video. Makundi ya harusi na ya ukoo yanatuma video nyingi mno, jamani. Utafungua ile unayoitaka.

Kwenye kompyuta ya Windows, fungua mipangilio ya Wi-Fi, bonyeza jina la hotspoti yako, shuka chini. Kuna swichi ya kuiambia kompyuta kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Iwashe. Masasisho mengi yatasubiri. Usiyasahau kabisa lakini, usalama wa kompyuta uko humo. Siku ukipata Wi-Fi ya kasi, yaachie yashuke.

Video, weka 144p, yaani ubora wa chini wa picha, au usikilize sauti tu. Kusoma, tumia kivinjari cha Opera Mini, kinabana kurasa kabla hazijakufikia. Wenye wanafunzi nyumbani, pakueni Kiwix, programu ya kusoma bila intaneti, mkiwa penye mtandao mzuri, mshushe Wikipedia ya Kiswahili. Mtoto atasoma hata bando likiisha.

Faili kubwa mimi huliacha mpaka alfajiri, watu wamelala na mnara haujalemewa. Hili la megabaiti 40 jana jioni lilinigomea mara tatu. Leo saa kumi na moja nimebonyeza tuma, nikaenda kubandika chai. Tazama hapa: limefika.