Mpira wa Rejeta Uliopasuka Usiku wa Kuamkia Safari

Shikamooni wakubwa zangu, na nyote habari za jioni.

Kesho alfajiri unatoka Dar es Salaam kwenda Iringa, karibu kilomita 500. Saa tatu usiku umefungua boneti, umekuta mpira wa juu wa rejeta umechanika, na maduka ya spea yamefungwa. Kuahirisha huwezi, au hutaki. Haya, tuuzibe, ila kwanza tujue tunaziba nini.

Wengi hudhani wanazuia maji. Maji hata mfuko wa nailoni unayazuia! Kazi iko kwenye presha. Tazama mfuniko wa rejeta: Toyota nyingi zimeandikwa 0.9 au 1.1. Hizo ni kilo kwa sentimita ya mraba, karibu nusu ya upepo wa tairi la gari dogo. Presha hiyo ndiyo inayofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 hadi yakaribie 120. Kwa hiyo kiraka kilichotulia injini ikiwa baridi bado hakijakwambia chochote. Mpira wa baridi umejifumba. Ukipata moto huvimba, na ufa hufunguka kama mdomo.

Uminye karibu na ncha, pale inapokaa klempu, ule mkanda wa chuma unaoubana mpira. Mpira mzima unabonyea kisha unarudi. Uliochoka ni mkavu, na ukiukunja unaona nyufa ndogondogo kama za kisigino cha kiangazi. Ukiwa laini mno na unanata vidoleni, umelowa oili kwa muda mrefu. Huo usiupotezee muda, umeoza wote, na kiraka hakina pa kushika.

Ufa ukiwa ndani ya sentimita mbili kutoka nchani, una bahati. Kata ncha kwa kisu kikali, mkato ulionyooka, safisha mdomo wa rejeta kwa msasa laini hadi utelezi na magamba yaishe, sukuma mpira upite tuta la mdomo, kisha kaza klempu nyuma ya tuta, si juu yake. Zaidi ya sentimita mbili usikate. Injini hutikisika, rejeta imetulia. Mpira mfupi uliovutwa utachomoka kwenye shimo la kwanza la barabara.

Ufa wa katikati unataka kiungo. Kata mpira pale palipochanika, uondoe sehemu mbovu tu, halafu uunganishe vipande viwili kwa bomba la chuma kwa ndani. Bomba la maji la inchi moja lina kipenyo cha nje cha milimita 33 na kidogo, kwa hiyo linaingia kwa nguvu kwenye mpira wa tundu la milimita 32 ukiichovya ncha kwenye maji ya moto. La robo tatu ni karibu milimita 27. Pima kwanza, bomba linaloingia bila kusukumwa halifai. Kata sentimita 8, kila upande zizame 4, na upige tupa kingo zote mbili, kwa sababu kingo kali itachonga mpira kutoka ndani na hutaiona. Klempu moja kila upande.

Naomba tuelewane hapa: bomba la PVC hapana. Liko kila duka la vifaa vya ujenzi, ni rahisi kukata, na linashawishi. Lakini PVC ya kawaida huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, na maji ya injini yanazidi hapo safari nzima. Klempu italibana lijikunje, na maji yatatoka yote kwa mkupuo.

Huna klempu? Waya wa kufungia nondo, mizunguko miwili, uusokote kwa plaizi. Tanguliza ukanda wa tyubu ya baiskeli chini yake, maana waya mtupu hukata mpira kama uzi unavyokata sabuni. Ukikosa hata bomba, ukanda wa tyubu wenye upana wa sentimita tatu, uvutwe kwa nguvu, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, uanzie sentimita tano kabla ya ufa na uishie sentimita tano baada yake, juu yake waya. Huo ni wa kukufikisha gereji ya mtaa wa pili. Kwa Iringa mimi nisingeuamini.

Naona mkono huko nyuma. Ndiyo, swali la kutia yai au bizari kwenye rejeta ili kuziba mvujo siku zote huja. Ute wa yai huganda na joto na unaweza kweli kuziba tundu la sindano kwenye rejeta. Lakini hauchagui tundu. Utaganda pia kwenye vijia vyembamba vya rejeta na kwenye thermostati, ile vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji. Na kwa mpira uliochanika, yai halina kazi kabisa, litatoka na maji.

Sasa jaribio, na hili lifanyike usiku huohuo. Jaza maji, washa injini mfuniko ukiwa wazi, minyaminya mpira wa juu hadi mapovu ya hewa yaishe, ongeza maji, funga. Iache hadi feni iwake na kuzima mara mbili. Zungushia tishu kavu kwenye kila kiungo. Doa la unyevu utaliona kabla ya tone. Kisha endesha kilomita 20 au 30, uiache ipoe kabisa, na kaza tena klempu robo mzunguko, kwa kuwa mpira uliopata moto mara ya kwanza hukaa na kulegea. Maji yakipungua mara hii, huenda ni hewa iliyotoka. Ongeza, rudia. Yakipungua tena, pana mvujo.

Barabarani, pa kuogopa ni Kitonga, ule mlima mkali kabla ya Iringa. Unapanda gia ya pili nyuma ya semi, injini inafanya kazi nzito, upepo wa mbele hakuna. Zima AC. Sindano ya joto ikipanda, fungua hita hadi mwisho: mtatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Wapo wanaolegeza mfuniko ili presha ipungue na kiraka kisisumbuke. Kinapona kiraka, ila maji sasa yatachemka mapema, na kule juu Iringa ni karibu nyuzi 95 tu. Beba lita 10 za maji. Gari likichemsha, zima, subiri angalau nusu saa, fungua mfuniko kwa kitambaa kinene hatua ya kwanza, sikiliza hewa iishe. Usimwagie maji baridi injini ya moto; silinda hedi hupinda au kupasuka.

Na kabla ya kukata mpira wowote, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au rejeta ikitoa mapovu yasiyokwisha injini ikiunguruma, maji hayapotelei kwenye mpira. Gasketi ya hedi imekwenda. Weka kisu chini, piga simu ukate tiketi ya basi.